Kidole ya Delko ya Papa Bisimwa

Mujukuu wangu Neema, mwenye kupaka rangi sasa mu garaji yetu ya Kadutu, ananiambia vijana wapya wanauliza: ule maman muzee wa mikono nyeusi alikuwa anafanya nini hapa? Alikuwa anauza chai? Basi nitawaandikia. Masomo yangu iliishia mu darasa ya tatu ya primaire. Asiyependa maandishi yangu aache kusoma, aende kusugua mulango, milango haikosekane.

Niwaambie mapema, musitafute furaha humu. Nimepigana na kutu maisha yangu yote, na kutu ndiyo imeshinda. Mimi nimekaa nyumbani na mugongo yenye kuuma, kutu yenyewe iko inakula mutuka, magari ya watu, mchana na usiku bila kuomba kongé ya kupumzika.

Ni kweli nilianza kwa kuuza chakula. Nilikuwa ninaleta bugali na samaki wadogo wa sambaza mu garaji, nikiwa na Vumi, mutoto wangu wa kwanza, mu mugongo. Njo maana watu wote wananiita Maman Vumi. Wanaume wakimaliza kula, ninakaa pembeni ninasugua sufuria na mchanga na majivu. Tolié mukubwa pale, fundi wa kunyoosha mabati ya mutuka, alikuwa Muzee Ramazani, Muislamu wa Uvira, babu zake walitoka pwani na biashara. Swahili yake ilikuwa imenyooka kama nguo ya pasi, na yetu ilimuumiza masikio. Alikuwa anasema tunachinja lugha bila hata kusema bismillahi. Siku moja alisimama juu yangu akaangalia ile sufuria mpaka nikafikiri iko na tundu. Kisha akasema, "Mama Vumi, mikono hii inapotea bure kwenye masufuria."

Akanipa mulango ya camion, lori kubwa, ndoo ya maji na karatasi ya kusugua. Wanaume walicheka. Mumoja aliuliza kama nitapaka na rangi ya makucha. Nilisugua mpaka jua likashuka, Vumi amelala juu ya gunia, na Muzee Ramazani alipitisha mukono juu ya ule mulango. Alienda kuchukua mulango ingine akaniwekea mbele. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kusifu. Ingine sikupata mpaka alipokufa.

Alinifundisha kufunga macho. Mukono ukilala juu ya toli, bati ya mutuka, unaona bonde ambayo jicho haiwezi kuona. Alinifundisha kugonga na kifundo cha kidole: toli nzima inaitika, toli yenye kuliwa ndani inakujibu kama mutu mwenye mafua, hata kama rangi ya juu inangaa. Alinifundisha kushika nyundo ya mti kwa nje na kile kipande cha chuma kizito, tasi, kwa ndani, toli ikiwa katikati, na kupiga polepole mpaka irudi pahali pake. Na alichukia mastiki, ule uji muzito wa kuziba bonde na matundu mbele ya rangi. Ninyi munapenda sana mastiki. Mastiki ni pudra juu ya uso wa mugonjwa: anapendeza siku ya kumutembelea, anakufa siku ya pili.

Nimeona mengi. Nimeona camion ya kutoka Shabunda, shofere anaonyesha miguu yake na barabara chini yake, hakuna kitu katikati, na yeye anaomba tumupakie rangi tu, nyekundu, juu anapenda nyekundu. Nimeona minibus ya Walungu, mwenyewe alijaza matundu yake na simenti. Simenti, watu wa Mungu. Alifanya nyumba. Tulivunja na patasi kama tunavunja ukuta, na ndani ya ukuta kutu ilikuwa imezaa na kuzaa. Mvua ya hapa Bukavu munaijua. Inanyesha juu ya mutuka, inashuka mu matope, matope inapanda chini ya mutuka, inalala pale. Kila mwaka tulikata, tukachomelea, tukasugua, tukapaka, na mwaka wa pili mutuka ileile inarudi imeoza upande ingine. Nilimuuliza Muzee Ramazani siku moja kama kazi hii iko na mwisho. Alisema mwisho upo, lakini ni wa mufanyakazi.

Alipokufa watoto wake waliniletea nyundo yake na tasi. Na mimi nikawa muzee wa pale. Neema alikuja akiwa na miaka ya kumaliza masomo, akasema Koko, namna wajukuu wote wananiita, nataka rangi. Nilimukatalia mara nyingi. Leo hakuna mutu mu mji huu anapaka kumushinda, na ninasema hivyo nikiwa na akili zangu zote. Wanaume wanaleta mutuka na kumuuliza patron iko wapi, anawajibu patron ndiye huyu anayewauliza munataka rangi gani.

Sasa niingie mu ile kazi ya mwisho, juu ndiyo inayonisumbua.

Ilikuwa kule Muhumba, mu parcelle, uwanja wa nyumba ya Maman Cibalonza. Chini ya banda ya manjanja, mabati ya zamani, kulikuwa mutuka ya Wafaransa, ile namna yenye mikia midogo nyuma, ambayo wakubwa wa kazi walikuwa wanaendesha wakati sisi tuko wasichana. Ilikuwa nyeupe. Wakati mimi niliiona ilikuwa rangi ya udongo wa Mumosho baada ya mvua. Kuku walitagia ndani. Ilikuwa ya bwana yake, Papa Bisimwa.

Bahati, mutoto wao wa kiume, alikuwa amekuja toka Kinshasa. Binti yake, mujukuu wa ule maman, alikuwa anaolewa, na Bahati alitaka mutoto aende kanisani mu mutuka ya babu yake. Alitaka itengenezwe yote: toli, rangi, viti, freni za kisasa, taa za kisasa, na motere, injini yenyewe, yenye kuwaka. Kuishusha mpaka Kadutu haikuwezekana, ingevunjika njiani kama mukate mukavu, kwa hiyo sisi tulipanda Muhumba na vyombo: mimi, Neema, vijana wawili wa kuchomelea, na Papa Murhula, mekanisie wetu, mutu mwema ambaye akili yake ilikuwa inakimbia mbele ya moyo.

Kabla hatujagusa kitu Maman Cibalonza alituita. Alituwekea chai, na akatuambia habari ya mutuka, ili tujue.

Asubuhi ya vita ya kwanza, wakati mji mzima ulikuwa unakimbia, Papa Bisimwa hakuweza kutoka na mutuka juu barabara ilijaa watu na magodoro. Alifungua mbele, akafungua delko, akatoa kile kidole. Kwa vijana wa motere za leo: delko ni kile kichwa kinachogawia motere ya esanse, ya petroli, moto wake, na kidole ni kipande kidogo chenye kuzunguka ndani yake, unakificha mu kiganja. Bila kidole, hata uite jeshi lote, motere haiwaki. Watu wote wa hapa walifanya hivyo, vita kwa vita. Mwenye mutuka anatoa kidole, anakimbia nacho, akirudi anakirudisha. Papa Bisimwa alikifunga mu kitambaa cha mushwari, akakiweka mu mufuko ya koti, akamuambia bibi yake: "Bila hii hawataenda nayo. Nitarudi nayo mimi mwenyewe." Yeye alienda kutafuta mama yake njia ya Walungu, bibi akatoka na watoto njia ingine.

Askari walikuja kweli. Walisukuma ile mutuka, walipiga teke, walichukua radio na magurudumu mbili, wakaiacha. Maman Cibalonza aliporudi aliikuta. Papa Bisimwa hakurudi. Hakuna mutu aliyemuona ameanguka, hakuna mutu aliyemuona anatembea. Sasa inaelekea miaka makumi tatu tangu siku ile.

Ule maman hakuvaa nguo ya kilio hata siku moja. Hakunyoa kichwa. Anayemuita mujane alikuwa anamuonyesha njia ya kutokea. Wakubwa wa jamaa ya bwana walikuja mara nyingi kumuambia waweke hata mutumba wa ndizi mu kaburi pahali pa mwili, mambo iishe. Aliwajibu kwamba bwana yake iko na kidole mu mufuko, na mutuka iko hapa inangojea.

Kwa hiyo alituambia, "Sugueni, kateni, pakeni, mufanye ipendeze mutoto aolewe. Lakini mu delko musiniwekee kidole ya mutu mwingine. Pahali pale ni pa mwenyewe."

Bahati alisema ndiyo, maman. Sisi wote tulisema ndiyo, maman.

Nilifunga macho nikalaza mukono juu ya ile mutuka, nikagonga toka mbele mpaka nyuma. Ilinijibu na mafua pahali pote. Chini ilikuwa imekwisha. Milango ilikuwa karatasi. Tulikata sakafu yote, tukatengeneza mupya na toli ya mapipa, tukiipiga juu ya goti na juu ya jiwe. Kila siku Maman Cibalonza aliweka kiti yake pembeni. Tukitoa kipande anauliza kama ni lazima kitoke. Ni lazima, maman. Anaitika na kichwa. Alikuwa anatuchekesha. Alimuambia Neema kama Papa Bisimwa akikuta mutoto mwanamuke anapiga mutuka yake namna hii, atakimbia tena.

Shida ilikuwa motere. Bila kidole haiwaki, na kidole ingine imekatazwa. Bahati alizunguka ile mutuka kama mbuzi wa kamba. Arusi ilikuwa inakaribia, na kwa wakwe ilikuwa imekwisha kutangazwa. Ndiyo Papa Murhula akapata ile akili yake. Minibus moja ya Walungu ilikuwa imeanguka mu bonde, lakini motere yake, ya Wajapani, ilikuwa nzima. Ya mazutu, ya dizeli. Na motere ya mazutu haina delko. Haina kidole. "Munaona?" alisema. "Hatuweke kidole ya mutu. Neno la maman tunaliheshimu, na mutuka inatembea."

Tuliona. Tulimusifu. Mimi mwenyewe nilisema ule mutu ni mwanasheria aliyepotea mu garaji. Hakuna hata mumoja wetu aliona ubaya, na kama ungekuwa pale na wewe ungepiga mikono.

Bahati alimupeleka mama yake Mumosho kwa dada yake, apumzike mbali na vumbi ya rangi. Motere ya Wafaransa ilitoka, ya Wajapani ikaingia kwa nguvu. Tulikata, tukachomelea vyuma vya kuishika. Na ile ya zamani ilienda pahali vyuma vyetu vya zamani vinaenda siku zote. Ninyi munajua desturi ya garaji, Muzee Ramazani aliikuta na mimi nimewaachia: kinachotoka mu mutuka na hakirudi, ni cha vijana, wanauza kwa wayeyushaji wa vyuma, wanakula. Hakuna anayeomba ruhusa. Vijana walishusha ile motere na delko yake na kila kitu, juu ya kingorongoro, mukokoteni ya mbao, na siku ile walikula nyama.

Neema alipaka nyeupe. Sitaongeza neno. Nilikuwa ninaona uso yangu ndani ya mulango, na uso yangu haiko ya kupendeza, lakini pale ilipendeza.

Maman Cibalonza alirudi toka Mumosho siku moja mbele ya arusi. Mu parcelle walikuwa wamefunga mahema, viti vimekodishwa, wanawake wanachambua majani ya sombe. Alipoiona alisimama. Alishika mukia wa nyuma, akashika mulango, akanishika mimi mukono. Alisema tu, "Ni yenyewe." Kwa ile dakika moja, vijana, nilifikiri kwamba nimeshinda kutu.

Kisha Bahati akaingia akawasha.

Motere ya mazutu munaijua inavyokohoa. Wanawake wa sombe walipiga vigelegele. Maman Cibalonza hakupiga. Aliinua kichwa kama mutu ameitwa na jina lisilo lake, akamuambia Papa Murhula afungue mbele. Alifungua. Maman aliinama akaangalia ndani kwa muda mrefu.

"Delko iko wapi?"

"Hii ni ya mazutu, maman. Haina delko."

"Haina."

"Haiitaji kidole hata kidogo," alisema Bahati, na alikuwa anacheka kwa furaha, masikini. "Hakuna mutu amewekwa pahali pa papa. Tumeshika neno lako."

Ule maman alikuwa bado ameinama. Alisema pole, kama anauliza bei ya nyanya: "Na akirudi na ile kidole, ataiweka wapi?"

Motere ilikuwa inawaka. Bahati alinyoosha mukono akaizima. Papa Murhula aliangalia mikono yake. Maman Cibalonza alishusha kile kifuniko cha mbele yeye mwenyewe, taratibu, kusudi rangi isikwaruzwe, akaingia mu nyumba.

Bahati aliniambia turudishe motere ya zamani, hata arusi ikose mutuka. Nilishuka Kadutu na miguu yangu, juu pikipiki zilikuwa zinakawia na mimi sikuweza kusimama pahali pamoja. Wayeyushaji nawajua, mama zao nimewajua. Nilimuuliza mukubwa wao motere ya Wafaransa, ya vijana wangu. Alinionyesha masufuria. Yalikuwa yamepangwa juu ya mchanga, mapya, yanangaa, mukubwa na mudogo. Chuma kigumu kilikwisha kuuzwa kwa mutu wa camion, na cha kuyeyuka ndiyo masufuria yale. Aliniuliza kama ninataka moja, ananipunguzia. Nilikaa chini pale pale mu majivu.

Niliporudi Muhumba kumuambia Bahati, alifunga uso na mikono kama mutoto. Nilimuambia hata kama tungeipata, mama yake amekwisha kuona.

Asubuhi ya arusi Maman Cibalonza alitoka mu chumba amenyoa kichwa. Alivaa kikwembe nyeusi, nguo ya kilio, sijui alikitoa wapi, labda alikuwa nacho miaka yote mu valisi, amekikunja. Hakumuzuia mutoto. Alimubariki, akamutengenezea shela, akamuambia apande mutuka ya babu yake, imetengenezwa vizuri. Bibi-arusi alienda analia na watu wa njiani walifikiri ni machozi ya arusi. Ile mutuka ilipanda kilima bila kukwama hata mara moja. Watu walipiga picha.

Bibi-arusi alipotoka, ule maman alitandika kirago chini, mu salon, akakaa namna wajane wanavyokaa, miguu imenyooshwa. Basi jirani wakaanza kuingia. Waliokuja na zawadi waliweka zawadi mulangoni, wakavua viatu. Chakula ya arusi ililiwa matanga. Mahema yaleyale. Viti vilevile, lakini wanawake hawakuvikalia tena, walishuka chini. Jamaa ya bwana, wale wakubwa waliosumbua miaka yote, walifika toka Walungu na nguo za sherehe, wakakuta kilio ambacho walikuwa wanakitaka, na hakuna mumoja kati yao alijua pa kuangalia.

Mimi nilibaki mulangoni. Sikuona kama niko na haki ya kuingia. Ni yeye aliniita.

"Maman Vumi, kuja."

Niliketi karibu yake. Alinishika hii mikono, akaigeuza, akaiangalia namna Muzee Ramazani alikuwa anaangalia toli.

"Mulifanya kazi nzuri," alisema. "Miaka yote watu waliniambia amekufa, na niliwajibu, mutuka iko inamungojea. Sasa haimungojee tena. Basi amekufa."

Akaniegemea, akaanza kulia, sauti ambayo sijasikia mu maisha yangu, na nimesikia mengi mu mji huu. Alilia kama bwana yake amekufa asubuhi ile.

Kutoka pale sikurudi mu garaji. Nyundo iko kwa Neema. Mutuka iko nzima, Bahati aliiacha kwa wadogo wake, kila samedi, Jumamosi, inabeba bibi-arusi wa watu wengine, na nasikia wanaipigania. Kutu haijairudilia. Ninyi mukiletewa mutuka ya zamani, mugonge, musikilize, mukate kinachooza. Siwezi kuwafundisha zaidi. Nilifanya kazi ile kwa akili yangu yote na mikono yangu yote, hakuna tundu, hakuna mastiki, na ndiyo iliyomuua Papa Bisimwa.